Wimbo wa kubembeleza mtoto: fidla ya solo inamezwa na okestra

mwana_dunda:
Wakuu, habari za leo. Nina utungo mpya wa kubembeleza mtoto, fidla ya solo na okestra ya nyuzi: fidla 8, viola 3, chelo 3, besi 1. Ni 6/8, kii ya D meja, mapigo mawili kwa baa, mwendo mapigo 52 kwa dakika. Solo inaanzia A ya chini kwenye uzi wa G, na wote wamevaa sordino (kibanio cha kufifisha sauti). Utapigwa jioni ukumbi wa wazi hapa Bagamoyo, karibu na ufukwe. Kuanzia safu ya tatu solo haisikiki, na mpigaji akikandamiza, upinde unakwaruza. Nifanyeje bila kuua upole wake?

fidla_kongwe:
Mvue sordino mpiga solo, wengine wabaki nazo. Sordino inalemea daraja (kibao kinachobeba nyuzi), zile sauti kali za juu zinakufa, na ndizo zinazofika mbali.

Lakini ugonjwa wenyewe uko kwenye nota. Uzi wa G mtupu ni hezi 196, na nadhani kwenye kimo hichohicho cha sauti umewarundika viola na chelo. Hata wakipiga taratibu vipi watamfunika. Chelo wadonoe kwa vidole mwanzo wa kila pigo, wasipande kupita uzi wao mtupu wa D. Besi nota moja kwa baa. Viola wanyamaze mpaka solo iuache uzi wa G. Fidla mbili tu zishike A ya juu, kidole kikigusa katikati ya uzi wa A bila kuubana. Solo ikifika uzi wa E, waingize wote, huko haizami.

upinde_mrefu:
Naongezea kuhusu kukwaruza. Anakandamiza akiwa juu ya ubao wa vidole, na pale uzi haubebi uzito. Asogee kuelekea daraja, avute polepole. Kisha angalia maungio (nota za kupigwa kwa mvuto mmoja wa upinde) uliyoandika: baa moja ni kama sekunde 2.3, ukimpa baa 4 kwa upinde mmoja lazima uishe. Mpe baa moja, mbili zikizidi.

mwana_dunda:
Maungio ni ya baa 4 kweli. Shukrani sana wakuu, nayavunja leo.

fidla_kongwe:
Jambo jingine, mkuu: unyevu wa pwani. Nywele za upinde zinarefuka na kulegea, vigingi vya kukazia nyuzi vinavimba na kukwama. Fidla zikae ukumbini nusu saa kabla ya kutuni, zisitoke chumba cha AC moja kwa moja. Wakimaliza, kila mtu alegeze upinde. Nywele zikikauka zinafupika na kuupinda mti wa upinde.