Wanafunzi wa Dodoma wanaweza kuchunguza barafu ya ncha za dunia wakati wa likizo ya Juni?

Mwalimu wa Jiografia, Dodoma
Ndugu walimu na wataalamu, habari za kazi. Wanafunzi wangu kadhaa wa kidato cha tatu wameomba kuitumia likizo ya Juni kufanya utafiti mdogo kuhusu barafu ya ncha za dunia na tabianchi. Swali walilolileta ni hili: je, kuyeyuka kwa barafu ya Aktiki ndiko kunakopunguza mvua ya Dodoma? Wanatoka katika familia zinazolima mtama na alizeti, na wanajua mvua ikikatika Februari nyumbani kunakuwaje. Tuna kompyuta chache zenye intaneti na maabara ya kawaida. Je, swali hili linafaa? Kama halifai, waanzie wapi?

Mdau wa hali ya hewa
Mwalimu, hongera kwa kupata vijana wa aina hiyo. Swali lao ni zito, lakini halijibiki kwa likizo moja. Mvua yetu ya msimu mmoja, inayoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili, inaongozwa na ukanda wa mvua unaolifuata jua kusini mwa ikweta, na joto la Bahari ya Hindi, na miaka mingine El Niño. Kuutenga mchango wa Aktiki humo ni kazi ngumu hata kwa watafiti waliobobea. Waulize jambo ambalo takwimu zilizopo zinaweza kulijibu: barafu ya Bahari ya Aktiki imebadilikaje, Septemba hadi Septemba, tangu 1979?

Kituo cha Marekani cha takwimu za theluji na barafu, kilichoko Boulder, Colorado, hutoa bure vipimo vya satelaiti vya kila siku. Septemba 2012 barafu hiyo ilishuka hadi takribani kilomita za mraba milioni 3.4, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kupimwa na satelaiti. Septemba iliyofuata ilibaki zaidi ya milioni 5. Mwanafunzi atakayeichukua miaka hiyo miwili peke yake atasema barafu inaongezeka, na namba zake zitakuwa sahihi ilhali hitimisho lake si sahihi. Wachore miaka yote kwenye grafu moja, kisha walinganishe wastani wa kila miaka kumi. Likizo yao inaangukia wakati barafu ya kaskazini inapungua na ile ya Antaktika inatanda, kwa hiyo wataona pande zote mbili zikibadilika wiki kwa wiki.

Mwalimu mstaafu, Kondoa
Kwa nini wasianze na Kilimanjaro, ambayo ni yetu? Kati ya 1912 na 2000 ilipoteza takribani asilimia 80 ya eneo la barafu yake.

Mdau wa hali ya hewa
Shikamoo mzee wangu. Utafiti wa Kilimanjaro unastahili kufanywa, ila uwe wa peke yake. Kule juu kuna baridi na hewa ni kavu, na sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke bila kupitia hali ya maji. Upungufu wa theluji mpya nao una nafasi kubwa. Tukiichanganya na Aktiki, vijana watadhani barafu yote duniani hupotea kwa sababu ileile.

Mwalimu wa Fizikia, Mpwapwa
Naongeza jaribio moja, kwa sababu wanafunzi wengi huamini kwamba barafu yoyote ikiyeyuka bahari hupanda. Chukueni mabakuli mawili ya kioo. La kwanza litiwe maji na kipande cha barafu kinachoelea. La pili liwekwe jiwe, maji yasilifunike, na kipande kama hicho kikae juu ya jiwe. Wekeni alama ya usawa wa maji kwa kalamu ya wino mzito, kisha subirini. Maji ya bakuli la kwanza hubaki kwenye alama, ya la pili huipita. Ndiyo maana barafu ya Greenland, iliyo juu ya nchi kavu, ingeinua bahari kwa takribani mita 7 kama ingeyeyuka yote.

Mwalimu wa Jiografia, Dodoma
Nashukuruni sana. Swali tumelibadilisha tayari. Maji ya jaribio yawe ya chumvi?

Mwalimu wa Fizikia, Mpwapwa
Tumieni ya kawaida. Katika maji ya chumvi barafu inayoelea huongeza usawa kidogo mno, na tofauti hiyo wataikuta wakifika kwenye somo la msongamano.