Mjadala: Askari akirudi uraiani, atengewe nafasi za kazi au aandaliwe kabla hajatoka?

MTOA MADA

Wadau, swali ni hili. Mtu akimaliza utumishi wake jeshini, serikali imwongezee alama au imtengee nafasi katika kazi za umma? Au wajibu wake uwe kumwandaa vya kutosha kabla hajakabidhi sare, kisha ashindane na wengine kama raia yeyote? Humu wamo waliotoka jeshini, wamo wanaoajiri, na wamo wanaohangaika na ajira bila kuwahi kulala kambini. Kila upande una cha kusema, ndiyo maana nimeileta hapa.

Msimamo wangu: napinga kutengewa nafasi. Ninachokitaka, tena kwa kiwango kikubwa kuliko kinachotolewa sasa, ni maandalizi. Apewe muda wa kujifunza kazi ya kiraia huku mshahara wa jeshi ukiendelea, na ujuzi aliotoka nao utambuliwe kwa vyeti na leseni ambazo mwajiri anazielewa.

Tazameni Korea Kusini. Kule sheria inamlazimisha mwanamume kutumikia jeshi. Zamani, aliyetumikia miaka 2 au zaidi aliongezewa asilimia 5 ya alama kwenye mitihani ya kuingia utumishi wa umma, na aliyetumikia pungufu ya hapo aliongezewa asilimia 3. Inaonekana kidogo mpaka ukumbuke kwamba kwenye mitihani yenye watahiniwa wengi na nafasi chache, watu hupishana kwa alama moja au nusu yake. Wanawake kadhaa pamoja na mwanamume mmoja mwenye ulemavu wakaenda mahakamani, na tarehe 23 Desemba 1999 Mahakama ya Katiba ikaufuta utaratibu huo. Mimi huwa namfikiria huyo mwanamume. Jeshi halikumhitaji kwa sababu ya ulemavu wake, halafu dola ileile ikamrudisha nyuma kwenye foleni ya kazi kwa kuwa hakwenda jeshini.

Marekani mambo yalikwenda kinyume. Jimbo la Massachusetts lilikuwa na sheria kwamba askari wa zamani aliyefaulu mtihani wa utumishi wa umma anamtangulia kila asiyewahi kuwa askari, na haki hiyo haikuwa na kikomo cha miaka. Helen Feeney, mtumishi wa jimbo hilo, alipata alama za pili kwa ukubwa mwaka 1971. Kwenye orodha akawekwa wa sita, nyuma ya wanaume 5 waliotoka jeshini. Kesi yake ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1979 akashindwa, ingawa zaidi ya asilimia 98 ya maveterani wa jimbo lile walikuwa wanaume. Majaji wengi waliona kwamba sheria haikutungwa kwa nia ya kuwabagua wanawake. Nia sibishani nayo. Nabishana na matokeo: mtu aliyefanya vizuri zaidi aliambiwa asubiri, na hakuna juhudi yoyote ambayo angeweza kuiongeza ili kuwapita wale watano.

Sasa nije kwa askari mwenyewe, maana watu hudhani anayepinga upendeleo anamchukia. Nimekaa kwenye meza za usaili na nimeona jinsi wasifu wa mwanajeshi unavyomwangusha. Kuna mmoja aliandika mstari mmoja tu kuhusu miaka yake mingi ya kazi: "Sajenti, mkuu wa stoo ya kikosi." Wenzangu wakawa tayari wameshaifunga karatasi. Nikamuuliza, betri moja ya redio ikipotea inakuwaje? Akafunguka. Kuna daftari la kupokea na la kutoa, sahihi mbili kwa kila kifaa, ukaguzi wa kushtukiza, hesabu ya mafuta kila jioni, na upotevu ukithibitika mtu anakatwa mshahara. Huyo ni meneja wa ghala kamili, na hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Ukimwongezea alama 5 atapata kazi, lakini mwajiri bado hajui amepata nini, atampeleka getini kulinda. Wengi wao ndiko wanakoishia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Miaka ya 1960 madaktari walikuwa hawatoshi, na wakati huohuo wahudumu wa tiba wa jeshi la wanamaji walikuwa wanarudi uraiani wakiwa wameshona majeraha na kuokoa watu kwenye mazingira magumu, bila leseni hata ya kuchoma sindano hospitalini. Daktari Eugene Stead hakuomba watengewe nafasi. Mwaka 1965 alianzisha mafunzo ya miaka 2 kwa wanamaji 4 wa zamani, na 3 kati yao wakahitimu mwaka 1967. Hapo ndipo ilipozaliwa taaluma nzima ya wasaidizi wa daktari, ambayo leo inasomwa na watu ambao hawajawahi hata kuvaa kombati. Ujuzi wa jeshini ulifungua mlango, na mlango ukabaki wazi kwa wote.

Naomba kuwasilisha. Wanaopinga waje na hoja.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, nimekusoma hadi mwisho na sikubaliani nawe.

Unaongea kana kwamba askari na raia walianza mbio mstari mmoja. Kijana anachukuliwa akiwa na miaka 18 au 19. Wenzake wanasoma, wanafanya kazi za kujitolea, wanajuana na watu. Yeye yuko lindo. Anaporudi, tangazo la kazi linadai uzoefu wa miaka mitatu kwenye fani. Atautoa wapi? Hizo alama si zawadi, ni fidia ya muda ambao dola ilimchukua, na kama alilazimishwa kwa sheria ndiyo kabisa.

Halafu maandalizi bila ajira ni vyeti kwenye bahasha. Ahadi wamepewa askari tangu zamani. Maveterani wa Marekani wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliahidiwa malipo ambayo wangeyapata kikamilifu mwaka 1945. Mdororo wa uchumi ukawakuta, na mwaka 1932 maelfu yao wakapiga kambi Washington kudai walipwe mapema. Walitimuliwa na jeshi lilelile walilolitumikia, likiongozwa na Jenerali MacArthur.

Na India je? Mwaka 2022 serikali ilitangaza mpango wa Agnipath. Vijana wanaingia jeshini kwa miaka 4, wasiozidi asilimia 25 wanabakizwa, waliosalia wanarudi nyumbani wakiwa na mkupuo wa fedha na bila pensheni. Vijana waliingia barabarani, treni zikachomwa moto. Serikali ilituliza vipi? Kwa kutenga asilimia 10 ya nafasi kwenye vikosi vya polisi vya serikali kuu kwa ajili yao. Kumbe hata serikali inajua kwamba mafunzo peke yake hayamtulizi mtu. Watu wanataka kazi.

Anayeajiri akiachiwa uamuzi wote, atamchukua mpwa wake. Sheria ya kutenga nafasi ndiyo pekee asiyoweza kuikwepa kwa maneno matamu.

MCHANGIAJI WA PILI

Mimi nimetoka jeshini, nilikuwa mawasiliano. Nimesoma pande zote mbili, nina mambo mawili ya kuongeza, basi.

La kwanza, maandalizi mnayoyasifia huja mwishoni kabisa. Kwetu ilikuwa semina fupi iliyobanwa katikati ya kurudisha vifaa na kuzunguka ofisi kutafuta sahihi za kuachiwa. Mtu anasinzia huku mkufunzi anafundisha kuandika barua ya maombi. Akili yako iko kwenye kiinua mgongo na wapi familia italala mwezi ujao.

La pili, shida yangu haikuwa kupata kazi. Ilikuwa kubaki kazini. Jeshini cheo kiko begani, unajua nani anaamua. Uraiani kikao kinaisha watu wanasema "tutaona", na baadaye unagundua kumbe uamuzi ulishafanyika. Kazini kwangu pa kwanza nilimaliza nilichopewa saa nne asubuhi, nikakaa nasubiri maelekezo mengine. Msimamizi akaniandika kuwa sina ari ya kazi. Nilikuwa najizuia nisivuke mipaka ya mtu! Hakuna alama ya mtihani inayomsaidia mtu na hilo, na hakuna semina iliyowahi kunitajia.

Mke wangu ndiye aliyenifundisha kuuliza.

MTOA MADA

Mchangiaji wa pili, ahsante sana, ndugu. Ulichosema kuhusu semina ya mwishoni ndicho ninachotaka kibadilike kwanza. Uingereza, anayetoka jeshini kwa utaratibu wa kawaida anaweza kuanza kupata msaada wa kuhamia uraiani miaka 2 kabla ya kuondoka, na msaada unaendelea hadi miaka 2 baada ya kutoka. Hiyo miaka ya baada ndiyo uliyoikosa wewe. Marekani sheria inataka maandalizi yaanze angalau siku 365 kabla, na kuna mpango wa SkillBridge ambao unamruhusu askari kutumia hadi siku 180 za mwisho akifanya kazi kwa mwajiri wa kiraia, huku jeshi likimlipa. Kwa hizo siku 180 mtu anajifunza nini maana ya "tutaona" akiwa bado ana uhakika wa mshahara. Ila ruhusa inatoka kwa kamanda wake, na kamanda aliyepungukiwa watu anaweza kukataa. Ningetaka iwe haki, isiwe hisani.

Mchangiaji wa kwanza, hoja yako ya muda uliochukuliwa ina uzito, siwezi kuikwepa. Lakini deni hilo ni la dola. Dola ilipe kwa fedha yake: ada ya masomo, posho, miaka ya jeshi ihesabiwe kwenye pensheni na kwenye daraja la mshahara baada ya kuajiriwa. Ukilipa kwa alama za mtihani, anayelipa ni Feeney na yule mwanamume wa Korea, watu ambao hawakumchukulia askari hata siku moja ya maisha yake. Hata wale wa mwaka 1932 unaowataja walidai fedha zao. Hawakuomba nafasi ya mtu mwingine.

Kwamba mafunzo ni vyeti kwenye bahasha, historia inakataa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1944 iliwalipia ada maveterani wa Vita vya Pili vya Dunia, na asiye na kazi akawekewa dola 20 kwa wiki hadi wiki 52. Wapo waliohofia kwamba wangekaa tu wakila posho. Fedha iliyotengwa kwa posho hiyo haikutumika hata asilimia 20 yake, na kufikia mwaka 1956 maveterani wapatao milioni 7.8 walikuwa wamepita kwenye masomo au mafunzo ya kazi. Ukimpa mtu njia ya kuondoka kwenye posho, anaondoka.

Hata hivyo sheria hiyo ina doa ambalo lazima tulitaje. Utekelezaji waliachiwa maofisa, benki na vyuo vya mahali, na kusini mwa nchi hao waliwafungia milango maveterani weusi. Uchunguzi wa mwaka 1947 katika miji 13 ya Mississippi ulikuta mikopo 3,229 iliyodhaminiwa na idara ya maveterani kwa ajili ya nyumba, biashara na mashamba. Iliyokwenda kwa weusi ilikuwa 2. Walipigana vita ileile. Kwa hiyo unaposema mwajiri atamchukua mpwa wake, nakuelewa, na nasema kinga yake ni usaili wa wazi, matokeo kubandikwa na rufaa inayosikilizwa, kwa askari na kwa raia.

Kuhusu India, hebu tazama asilimia 10 hiyo inampeleka wapi kijana: kwenye sare nyingine na bunduki nyingine. Ametoka jeshini na miaka ishirini na kitu, na hajasaidiwa kuingia uraiani hata hatua moja.

Nakubali upendeleo wa nafasi kwa kundi moja tu, nalo ni walioumia wakiwa kazini. Aliyepoteza mguu au uwezo wa kusikia hawezi kurudishiwa kwa ada ya chuo. Sheria ya Marekani yenyewe inatofautisha, alama 5 kwa veterani anayestahili na 10 kwa mwenye ulemavu unaotokana na utumishi. Mimi ningeondoa hizo 5, zile 10 ningeziacha.

Sasa nawauliza mlioko kwenye bodi za leseni, na najua mpo humu mnasoma kimya. Dereva aliyeendesha malori ya jeshi kwa miaka, na kumbukumbu zake za ajali na ukaguzi zipo kambini, kwa nini aanze upya kama mwanafunzi? Marekani majimbo yanaruhusiwa kumsamehe mtihani wa vitendo wa leseni ya magari makubwa, akithibitisha uzoefu wake wa miaka 2 wa kuendesha magari ya aina hiyo bila rekodi mbaya. Tangu mwaka 2018 yanaruhusiwa kuwasamehe baadhi yao hata mtihani wa maandishi. Fundi umeme, mpishi wa kikosi, mhudumu wa maabara, nao wana kumbukumbu za namna hiyo. Mnahitaji karatasi gani kutoka jeshini ili mzitambue, na je, mmewahi kuziomba?