Zinjanthropus ni babu yetu au si babu yetu? Mgeni kaniumbua Olduvai

DerevaWaKaratu

Heshima kwenu wakuu.

Mimi ni dereva wa watalii, mwaka wa kumi na nne huu niko barabara ya Karatu, Ngorongoro na Serengeti. Kila nikifika njia panda ya Olduvai, bonde linalochimbwa mifupa ya kale, pale penye sanamu za yale mafuvu mawili makubwa, nazima gari, nawageukia wageni na kuwaambia: "Karibuni nyumbani. Huyu Zinjanthropus ndiye babu yetu sote." Wanafurahi, wanashuka kupiga picha, na bahasha ya mwisho wa safari inanenepa.

Wiki iliyopita nilibeba familia kutoka Morocco: baba, mama na binti wa kama miaka kumi na sita. Nikatoa maneno yangu yale yale. Binti akacheka, wala si kwa dharau, akasema: "Huyo si babu. Huyo ni ndugu wa pembeni, ukoo wake ulikatika. Na binadamu mkongwe kuliko wote alikutwa kwetu." Baba yake akamkanyaga mguu, lakini neno lilishatoka. Kutoka hapo mpaka geti la Naabi sikuongelea kitu kingine zaidi ya simba.

Sisi shuleni tuliimbishwa: Zinjanthropus, mwaka 1959, Dk. Leakey, binadamu wa kwanza. Mwalimu alikuwa na fimbo, nani angebisha? Sasa naomba mwenye kujua anieleze kwa lugha ya kawaida, maana Jumamosi napokea kundi jingine. Nawasilisha.

MzeeWaKijiwe

Dereva, mimi babu yangu namjua. Alikuwa na migomba yake Kibosho na hakuwa na kishungi kichwani kama jogoo. Hilo fuvu lenu nimeliona Makumbusho ya Taifa Dar, lina mfupa umesimama katikati ya utosi. Babu wa nani yule?

Mchekechaji

Mzee umecheka, lakini hicho kishungi ndicho jibu lenyewe.

Nimefanya kibarua cha kuchekecha udongo Olduvai misimu mitatu, mgongo unanikumbusha mpaka leo. Dereva, weka kidole kwenye panja, juu kidogo mbele ya sikio, halafu tafuna. Umeusikia msuli unavyocheza? Kwako unaishia ubavuni mwa kichwa. Kwa Zinjanthropus ulipanda mpaka utosini, wa kulia ukakutana na wa kushoto, na hapo katikati mfupa ukainuka ili misuli ipate pa kujishikiza. Magego yake ni mapana ajabu. Kichwa chote kile ni mashine ya kusaga, ubongo umebaki mdogo nyuma yake. Siku hizi wataalamu wanamwita Paranthropus boisei. Aliishi miaka milioni 1.75 hivi iliyopita, na ukoo wake haukuacha mtu. Binti alisema kweli.

Tena wimbo wenu wa shule una kosa jingine. Aliyeliona lile fuvu tarehe 17 Julai 1959 ni Mary Leakey, ametoka asubuhi na mbwa wake. Mumewe Louis, huyo Dk. Leakey wenu, alikuwa kambini kalala na homa. Kwanza wakadhani mwenye fuvu ndiye aliyetengeneza zile zana za mawe zilizokuwa pale pale. Mwaka uliofuata ikapatikana mifupa ya mwingine wa zama hizo hizo, meno madogo, kichwa kikubwa zaidi, na mwaka 1964 akapewa jina Homo habilis, yaani mtu stadi. Huyo ndiye fuvu la pili pale njia panda, ambalo naona wewe humsemi kabisa! Hata kwake usiape kuwa ni babu, ila ni wa upande wetu.

Sasa Morocco. Mahali panaitwa Jebel Irhoud. Wachimba madini walikuta fuvu la mtu wa aina yetu, Homo sapiens, mwaka 1961, na kwa miaka mingi hakuna aliyejua umri wake halisi. Uchimbaji wa baadaye ulipochapishwa mwaka 2017, umri ukatoka kama miaka 300,000. Uso wake ungeuona sokoni usingeshtuka, lakini kisogo ni kirefu, hakijawa duara kama chetu. Ethiopia, bonde la Omo, kuna fuvu lililopatikana mwaka 1967, nalo likapimwa upya kwa majivu ya volkano mwaka 2022: si chini ya miaka 230,000. Na hapo kwenu, Ngaloba karibu na Laetoli, lipo la kama miaka 120,000.

Mgeni asikupeleke kwenye mashindano ya nani mkongwe. Mfupa haudumu kila mahali. Udongo wa msitu wa Congo unakula mfupa. Huku kwetu Bonde la Ufa majivu yanaufunika na yanapimika umri. Tunachimba pale panapotulipa. Wengi sasa wanaona kwamba watu wa aina yetu hawakuanzia kijiji kimoja. Walitawanyika Afrika, Sahara ikikauka wanatengana, mvua zikirudi wanakutana na kuoana. Kila upande umechangia.

BintiWaKilifi

Naongeza moja ya huku Pwani ya Kenya. Panga ya Saidi, pango lililo Kilifi, walifukua kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Lina miaka kama 78,000, na halijapatikana jingine la watu wa aina yetu la zamani zaidi Afrika. Ilitangazwa mwaka 2021, na jina walilompa ni Mtoto, hivyo hivyo kwa Kiswahili. Alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, na kichwa kinaonekana kiliegemezwa kitu ambacho kimeoza.

Nilimsomea nyanya yangu. Alikuwa anachambua mchicha, akasimamisha mikono, akaniuliza, "Ubavu upi?" Nikamwambia wa kulia. Akasema, "Basi alikuwa na wenyewe." Akaendelea na mchicha.

DerevaWaKaratu

Wakuu, nimerudi. Jumamosi nilikuwa na Wajerumani sita. Nilizima gari pale pale, nikawaambia wote vidole kwenye panja, tafuneni. Watu wazima sita wanatafuna hewa ndani ya Land Cruiser! Madereva wengine wakasimama kutazama, wakadhani wageni wangu wamelishwa kitu.

Nikawaeleza kila fuvu kivyake, nikamtaja Mary na mbwa wake, na kwenye jengo la makumbusho nikawaonyesha nakala ya nyayo za Laetoli, miaka milioni 3.66, viumbe wa kale wametembea kwa miguu miwili kwenye majivu mabichi. Ile ya Mtoto wa Kilifi nilikuwa nimepanga kuisema kwa kirefu. Nilipofika kwa nyanya sauti ikakwama, nikawasha gari.

"Karibuni nyumbani" sijaiacha. Ya babu ndiyo nimeifuta.

MzeeWaKijiwe

Na bahasha je?

DerevaWaKaratu

Ya kawaida, mzee. Ila mama mmoja mwenye mvi kaniachia darubini yake.