Mrejesho: meza ya kunolea chenso nyumbani, Mafinga

Wakuu, wakubwa shikamooni. Niliuliza namna ya kutengeneza sehemu ya kunolea minyororo ya chenso (msumeno wa injini) kwenye stoo yangu hapa Mafinga, iliyo ndogo na yenye unyevu. Mlinisaidia sana, nimerudi na matokeo.

Meza imesimama. Mbao za paina za inchi mbili, miguu nimeichimbia na kuimwagia zege, maana aliyesema meza ikitikisika na tupa inayumba alisema kweli tupu. Jiliwa, kile kibanio cha kushikilia chenso ninaponoa, nimelifunga mezani kwa bolti nne, karibu na dirisha, usawa wa kifua. Zamani nilinoa nimechuchumaa, meno ya kushoto yakawa mafupi kuliko ya kulia, chenso ikawa inakata gogo kwa kupinda. Nililaumu baa (ule upanga unaozungukwa na mnyororo) bure!

Sasa namaliza upande mmoja kwanza, kisha nageuka. Mnyororo wangu ni wa saizi ya inchi .325, kwa hiyo natumia tupa ya mviringo ya milimita 4.8, pembe ya nyuzi 30, nasukuma mbele tu. Kurudisha ikiwa imegusa jino kunaiua tupa. Na vile vijino vya kupimia kina, vinavyoamua jino liingie kiasi gani kwenye mti, navyo navishusha kidogo. Nilikuwa siviangalii kabisa.

Kutu bado inanisumbua. Ukungu wa Julai ulizila tupa mbili mpya, sasa nazifunga kwenye kitambaa kikavu na kulala nazo ndani.

Petroli nimeitoa stoo. Mama uliyeuliza kuhusu watoto, samahani nilichelewa: dumu liko kwenye kibanda cha nje, na kufuli.