Tupeane uzoefu: Harambee Stars wetu wa Kenya wakisaka tiketi ya AFCON, wewe ulikuwa wapi?

MwanaKondele (Kisumu)

Wadau, jana kinyozi wangu aliniacha nusu kichwa kimenyolewa, nusu msitu. Alikuwa na ubishi na mteja aliyeketi kwenye benchi akingoja zamu: AFCON ya 2019 tulifuzu uwanjani au kwa karatasi? Mashine inanguruma hewani, mimi shingo imepinda, wao wanahesabu pointi kwa vidole. Nikaona nilete swali huku.

Kombe hili la Mataifa ya Afrika lilianza Khartoum 1957 na timu tatu tu: Misri, Sudan na Ethiopia. Sisi Kenya tumefika fainali zake mara sita: 1972, 1988, 1990, 1992, 2004 na 2019. Kwa hiyo ukiwa umezaliwa baada ya ile ya Kameruni ya 1972, vidole vya mkono mmoja vinakutosha. Fainali zenyewe ziwekeni kando kwanza. Nataka safari ya kufuzu, maana kila kampeni yetu huishia kwa kalamu na daftari: fulani akimpiga fulani, na sisi tukitoka sare...

Naanza mimi. Septemba 8, 2018, Ghana wako uwanja wa Kasarani, Nairobi. Nilitoka Kisumu na basi la usiku, jezi nimeivaa ndani ya sweta kwa sababu baridi ya Limuru alfajiri haina utani. Bao lililotupa ushindi wa 1-0 hata hatukulifunga sisi, beki wao Nicholas Opoku alijifunga. Kipindi cha pili tukabaki watu kumi. Mzee aliyekuwa kando yangu alikuwa na karanga kwenye gazeti. Kila Ghana wakivuka katikati anatafuna, wakirudishwa anaacha. Filimbi ya mwisho ikalia karanga zimekwisha, amebaki anatafuna hewa.

Karani wa Kanduyi

Kinyozi wako na mteja wake wote wana haki. Kundi lilikuwa na Ghana, Ethiopia na Sierra Leone. Juni 2017 tulianza vibaya, tukafungwa 2-1 Freetown. Tukaja kumpiga Ghana, tukatoka 0-0 na Ethiopia kule Bahir Dar, halafu tukawatandika 3-0 Kasarani Oktoba 14. Wakati huo FIFA ilikuwa imeshawafungia Sierra Leone kwa sababu serikali yao iliingilia shirikisho. Mwisho wa Novemba CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ikawaondoa kabisa na matokeo yao yote yakafutwa. Ile 2-1 ya Freetown ikayeyuka! Tukabaki na pointi saba, Ethiopia moja, mchezo kwisha. Karatasi ilitusaidia, sawa, lakini saba hizo zilitoka miguuni.

Mimi nilikuwa nimelipa nauli mapema niende kuwaona hao Sierra Leone Nairobi, Novemba 18. Mechi ikafutwa, na kampuni ya basi ikasema nauli hairudi. Nikaenda tu. Nikashinda kwa dada yangu nakula kuku, jezi mwilini, watoto wake wananiuliza mpira unachezwa wapi.

Mama Chapo (Bondeni, Nakuru)

Mimi ni ya redio. Julai 2003, tukicheza na Cape Verde. Betri zilikuwa zimelegea tangu asubuhi, nikazianika juani juu ya mabati kama omena. Jioni zikapata nguvu kidogo, lakini sauti inakuja na kuondoka, ikibidi mtu ashike waya wa eriali. Nilimpa kijana mmoja mteja wangu kazi hiyo, malipo chapati moja kwa kila kipindi.

Dennis Oliech alipofunga, kijana aliachilia waya. Tukasikia "Oliechiii" halafu mvumo mtupu. Hatukujua kama bao limekubaliwa! Barabara nzima ndiyo iliyotujibu, maana kinyozi wa ng'ambo alikuwa na stima. 1-0, tukaenda Tunisia. Oliech alikuwa na miaka kumi na minane, umri wa huyo kijana wangu wa waya. Chapati mbili zilizokuwa kwenye kikaango ziliungua zikawa nyeusi kama sahani ya santuri. Nilizitundika ukutani wiki nzima.

Huko Tunisia Mali walitufunga 3-1, Senegal 3-0, ndipo kocha Jacob "Ghost" Mulee na vijana wake wakawapiga Burkina Faso 3-0. Ushindi wetu wa kwanza AFCON, miaka 32 baada ya kwenda mara ya kwanza. Tulikuwa tumeshatolewa, lakini nani alijali?

Jirani wa Mpaka (Busia)

Nyinyi mnalia na mabasi ya Kasarani. Sisi wa Busia timu tuliletewa karibu, ila upande wa pili wa mpaka. Kampeni ya kufuzu AFCON ya 2025 viwanja vyetu havikuwa tayari, kwa hiyo "nyumbani" pakawa uwanja wa Namboole, Uganda. Oktoba 2024 nilimwambia mke wangu naenda kuona Kameruni, mechi ya nyumbani. Akaniuliza, "Nyumbani kwa nani?"

Nikavuka na kitambulisho tu, nikabadilisha pesa, nikapita Jinja. Namboole unaifikia kabla hujaingia Kampala yenyewe, kwa hivyo sema ukweli, kwangu ilikuwa rahisi kuliko Nairobi. Nje nikala rolex, chapati imekunja mayai (Mama Chapo usinune). Ndani tukafungwa 1-0. Na mechi tatu tulizoziita za nyumbani, Zimbabwe 0-0, Kameruni 0-1, Namibia 0-0, hatukupata hata bao moja. Hapo hata kalamu haihitajiki.

Mjukuu wa Lurambi (Kakamega)

Mulembe wote. Yangu ni Desemba 2017, uwanja wetu wa Bukhungu, Kenya na Rwanda. Babu yangu amewafuata Stars redioni tangu enzi za Sauti ya Kenya na hakuwa amewahi kuwaona kwa macho. Nikampakia kwenye bodaboda, tukafika isukuti zinapigwa hadi kifua kinatikisika. Wimbo wa taifa ulipoanza alivua kofia, akaniegemea begani, akasimama mpaka mwisho. Akaniambia, "Kumbe hawa watoto ni wembamba hivi." Redioni alikuwa akiwaona majitu. Tulishinda 2-0 na njia nzima ya kurudi alikuwa anasifu nyasi.

MwanaKondele

Ndugu, hiyo ni CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati, si ya kufuzu AFCON.

Mjukuu wa Lurambi

AFCON imewahi kuja Kakamega? Basi niachie CECAFA yangu.

Mzee wa Kibuye (Kisumu)

Mwacheni kijana. Kombe hilo ni mkubwa wa AFCON kwa umri. Lilianza 1926, Kenya na Uganda, likiitwa Gossage, jina la mtengenezaji sabuni wa Uingereza. Babu zetu waligombea kombe la sabuni miaka thelathini kabla ya Khartoum. Na mwaka huo huo wa 2017 nusu fainali ilichezwa hapa kwetu Moi Stadium, tukawatoa Burundi 1-0 muda wa nyongeza, kisha kwenye fainali Machakos kipa wetu Patrick Matasi akazuia penalti tatu za Zanzibar.

Binti wa Tarime (nimeolewa Migori)

Shikamooni wakubwa. Mnadhani hesabu ni zenu peke yenu? Sisi Tanzania tulikaa tangu 1980 bila kufuzu. Machi 24, 2019 tuliwafunga Uganda 3-0 Dar es Salaam, lakini sikio moja lilikuwa Cape Verde, tunaomba Lesotho wasishinde. Wakatoka 0-0. Nililia mbele ya mama mkwe akadhani kuna msiba kwetu.

Kisha droo ikatukutanisha nanyi Cairo! Juni 27, saa tano usiku, ukoo mzima wa mume wangu sebuleni na mimi mmoja nimevaa bluu. Msuva akafunga, nikaruka peke yangu. Olunga akasawazisha kwa tikitaka, Samatta akajibu dakika ile ile ya furaha yao, nikaruka tena. Mwisho 3-2 kwenu. Shemeji yangu mdogo hadi leo akinisalimia ananionyesha vidole vitatu.

MwanaKondele

Nimecheka mpaka basi. Leo nimerudi nikamaliziwa ule upande mwingine wa kichwa. Kinyozi anasema ubishi umekwisha: 2027 tunaandaa pamoja na Uganda na Tanzania, na mwenyeji hapigi hesabu.

Mzee wa Kibuye

Mwambie hata ya 1996 tulikuwa wenyeji sisi. Ikachezwa Afrika Kusini.