Vishikwambi kumi vya kijijini: bando tutalipa hadi lini?

Wapendwa, salaam kutoka Leicester.
Michango imetimia, vishikwambi kumi vya shule ya kijijini kwetu Tanzania vimeshanunuliwa. Kinachonisumbua ni bando. Mwezi uliopita tulimrushia mwalimu hela ya GB za majaribio, zikaisha siku ya pili. Vijana walikuwa wanaangalia mpira. Tuendelee kutuma kila mwezi, au kuna namna?

*

Kaka, pole na kazi ya kukimbiza michango.
Bando achaneni nalo. Sisi huku Minneapolis tulilipa mwaka mzima kwa shule moja ya Kusini kabla hatujashtuka. Tafuteni Kolibri. Ni programu ya bure: masomo yanakaa ndani ya kompyuta moja, vishikwambi vinayavuta kwa waifai ya humo humo darasani, yakishapakuliwa, intaneti haihitajiki kabisa. Mwalimu anapanga somo, anatoa jaribio, anaona nani kakwama wapi. Hata kile kishikwambi walimu walichogawiwa na serikali baada ya sensa ya 2022 kinamtosha kwa kazi hiyo.

Mimi nilipakua kila kitu hapa kwangu usiku kucha, nikahamishia kwenye diski, mama mmoja aliyekuwa anakwenda msibani akaondoka nayo kaifunga kwenye kanga. Mazoezi ya hesabu ya Khan Academy yamo, hadithi za Kiswahili za African Storybook zimo. Hizo hadithi msizidharau. Mtoto akifika kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza karibu kila somo, na wengine kusoma kwenyewe bado wanasuasua.

Kompyuta isiwe kubwa. Yetu ya kwanza ilikuwa ya mezani, umeme ukikatika na kipindi kimeishia hapo. Sasa tuna Raspberry Pi, kitu cha kuenea kiganjani, kinakula volti 5, pawabenki nzuri inakisukuma kipindi kizima.

Ila kilichotutesa zaidi ni kabati. Vifaa vilikaa miezi minne vimefungiwa ofisini, plastiki haijabanduliwa kwenye kioo. Tukalaumu weee! Kumbe mkuu wa shule anaogopa: kikivunjika kimoja, atadaiwa yeye. Tukamwandikia barua, kwamba vikiharibika vikiwa mikononi mwa wanafunzi hatumdai mtu. Wiki hiyo hiyo vikatoka.

*

Nachomekea tu, niko Reading. Chaja za hapa Uingereza zinaingia kwenye soketi za Tanzania moja kwa moja. Za dada wa Marekani zinataka adapta, na asome yale maandishi madogo: ikiandikwa 100–240V, haina neno. Vya betri msipakie kwenye begi la chini, panda navyo ndani ya ndege.

*

Ahsanteni sana. Diski nanunua Jumamosi. Dada, ile barua ya kabati bado unayo? Naomba nakala, wa kwetu namjua, naye ni wa kufungia.