Dodge Dart 1974 inazima nikiachia funguo, na gia boksi inateleza. Nikubali ifunguliwe?

DartYaMzee
Wakuu habari za jioni. Nina Dodge Dart ya 1974, Slant Six 225 ile ya lita 3.7, otomatiki, usukani kushoto, kaniachia marehemu baba. Naipenda sana hii gari na sitaki ifie mikononi mwangu, ila matatizo yamekuja mawili kwa mpigo. Nikipiga stata inashika vizuri kabisa, nikiachia funguo tu inazima hapohapo. Siku nyingine inakubali, naendesha fresh, nikifika foleni ya Mwenge ikichemka inazima, ikipoa inawaka tena kama hakuna kilichotokea. Usiku ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) taa zinafifia na mita ya ampia inachezacheza.

Upande wa gia, inapanda mapema mno, spidi ndogo tu ishaingia ya tatu, nikikanyaga kupanda Kimara injini inapiga kelele gari haiendi. Halafu ikikaa siku nyingi bila kuwashwa naweka D haisogei kabisa. Fundi kabadilisha betri na koili, hakuna kilichobadilika, sasa anasema tushushe gia boksi tuifungue. Kabureta sio ya kwake, iliwekwa nyingine miaka ya nyuma. Nishaurini jamani.

UmemeTemeke
Mkuu usitoe hela ya gia boksi kwanza. Hiyo ya kuwaka ukishika funguo na kuzima ukiachia ni ugonjwa wa siku nyingi wa magari ya Chrysler, kampuni iliyotengeneza Dodge, anza na balasti, kile kipunguza umeme unaokwenda kwenye koili. Fungua boneti angalia kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi, kuna kidude cheupe cha kauri kimefungwa na skrubu, kina pini nne. Ukipiga stata, moto wa koili unapita njia ya mkato bila kugusa balasti, ukiachia funguo unahamia njia ya pili ambayo lazima ipite humo, sasa kama waya wa ndani umekatika koili inakosa moto na injini inazima hapohapo. Na kama una ufa tu, ukipata joto unaachana, ukipoa unashikana, ndio hiyo ya Mwenge. Chomoa waya upime na malti mita, upande mmoja usome kama nusu omu na wa pili kama omu 5. Ukikuta haisomi umempata. Tafadhali asije mtu akakuungia waya moja kwa moja ukatembea hivyo, utaunguza koili.

Balasti ikiwa nzima nenda kwenye boksi la ignisheni. Hizi tangu 1973 hazina platini (zile pointi za kukata na kuunga moto), ni elektroniki, na boksi linapata ethi kupitia bodi lake lenyewe. Rangi au kutu chini ya bolti zake inatosha kukusumbua mwezi mzima. Legeza, kwangua mpaka chuma king'ae, kaza.

Mita ya ampia nayo usiichukulie poa kabisa. Kwenye hizi gari umeme wa kuchaji unaingia dashibodi kwa kupitia plagi kubwa ya ukutani, unapita kwenye mita, unatoka tena kwa plagi hiyohiyo ndio unafika betri. Na hewa yetu ya chumvi hapa mjini terminali zinaota kutu, zinachemka, plastiki inayeyuka, na moto wa gari unaanziaga sehemu kama hizo. Toa terminali ya betri kwanza, chomoa plagi, ukiona imegeuka kahawia usiirudishe hivyohivyo.

Bongo_Wheels
Mimi ningeweka injini na gia boksi ya Toyota nikae kwa amani, spea za hiyo unapata wapi Dar hii?

MzeeWaGerezani
Hapana kijana, msimtoe mwenzenu njiani. Slant Six ni injini ngumu sana, na Afrika Kusini ziliunganishwa Valiant zenye injini hiyohiyo, spea zinafuatika. Gari ya baba yake, aitunze.

Mwanangu DartYaMzee, sentensi yako ya mwisho ndio yenye jibu, hiyo ya kabureta. Gia boksi hiyo ni TorqueFlite, otomatiki ya Chrysler. Haina modyuleta ya vakyumu (kifaa kinachosoma mvuto wa hewa wa injini) kama za General Motors, yenyewe inajua umekanyaga mafuta kiasi gani kwa fimbo inayotoka kwenye kabureta mpaka kwenye mkono ulio ubavuni mwa gia boksi. Mafundi wakiweka kabureta ya gari nyingine fimbo haina pa kushika, wanaiacha inaning'inia. Hapo gia boksi inadhani hujakanyaga kitu, inapanda gia mapema na presha ya ndani inabaki ndogo, klachi zinateleza. Ukiendelea kupanda nayo Kimara hivyo zitaungua kweli, na hapo ndio utalazimika kufungua. Kwa hiyo paki kwanza, ingia chini uangalie.

Hiyo ya kutosogea ikikaa sana ni tabia yake. Oili ya kwenye konveta (inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi) inashuka yote kwenye sampo, bakuli la chini, na gia boksi za miaka hiyo ikiwa P pampu hailishi konveta. Washa, vuta hendibreki, weka N, iache ingurume kidogo ndio uweke D. Na oili yake inapimwa injini ikiwa inaunguruma, imepata moto, gia ikiwa N. Ukipima kwenye P unajidanganya.

DartYaMzee
Shikamoo mzee, asanteni sana wote. Balasti upande mmoja haisomi kabisa. Na fimbo ipo, imefungwa na waya wa kujengea pembeni ya injini! Oili nimepima kwenye N iko chini ila nyekundu, hainuki kuungua. Kuna kingine sikusema, geji ya mafuta na ya joto zinapanda juu zote mbili kwa pamoja, wakati tenki najua liko nusu.

MzeeWaGerezani
Marahaba. Oili kuwa nyekundu ni habari njema sana. Ongeza Dexron (oili ya gia boksi otomatiki) taratibu, usijaze kupita alama, na umtafute mtu wa lathe akutengenezee mkono wa kwenye kabureta, fimbo ifike mwisho wake pale kabureta inapofunguka yote.

UmemeTemeke
Geji mbili zikidanganya kwa pamoja mara nyingi ni kile kidhibiti cha volti cha dashibodi, kinashusha 12 kuwa wastani wa kama 5. Kwenye baadhi ya Dart kimo ndani ya geji ya mafuta yenyewe. Kikiganda, volti 12 zote zinaingia kwenye geji na zinaungua, na geji za hiyo gari hupati kirahisi. Ukishafunga balasti usiwashe switchi mpaka uwe umechomoa plagi ya dashibodi, halafu nitumie picha ya nyuma yake nikuonyeshe.